Tangi dogo la samaki wa baharini nyumbani: mwongozo kwa mkazi wa Tanga

Mtu wa Dodoma akitaka kufuga samaki wa baharini hana budi anunue chumvi maalumu na kuchanganya kila lita mwenyewe. Wewe wa Sahare au Chumbageni bahari unayo mwisho wa barabara, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Kwa kuwa maji ni ya bure na samaki wadogo wamejaa kwenye vidimbwi kila bamvua likipwa, tangi linajazwa Jumamosi, samaki wanatiwa Jumapili, na Ijumaa haifiki wote wameelea tumbo juu. Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo. Tuuache uwe wa wageni wa mjini.

Mwongozo huu ni wa tangi la takriban lita 100 za maji, lenye samaki wawili au watatu, bila matumbawe hai. Wanaoanza hupenda tangi dogo la lita 20 au 30 wakidhani litakuwa jepesi kulitunza. Mambo ni kinyume. Maji machache hupata joto upesi, huchafuka upesi na hukolea chumvi upesi, na kosa ambalo lita 100 zingelimeza bila wewe kujua, lita 20 zinaua nalo samaki usiku mmoja. Chini ya lita 80 mimi simshauri mtu aanze.

Kioo na mahali pa kuliweka

Huna haja ya kuagiza tangi. Fundi vioo yeyote mwenye mkono mtulivu atakutengenezea. Mpe vipimo vya sentimita 90 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8, na vipande vya kioo vya kufunga juu ili kuta zisisukumwe nje na maji. Silikoni iwe ile safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Inayouzwa kwa ajili ya mabafu na vyoo mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu. Soma kasha kabla fundi hajaanza. Baada ya kugandisha, tangi likae wiki moja likauke, kisha ulijaze maji ya bomba nje, mahali palipo sawa, na kuliangalia kwa siku mbili. Kama litavuja, livujie uani, lisivujie sebuleni.

Fanya hesabu ya uzito kabla ya kuchagua meza. Maji peke yake yanazidi kilo 110, kioo karibu kilo 28, mchanga na mawe kilo 25 au zaidi. Jumla inakaribia kilo 170, na meza ya televisheni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Mbao nzito, kama mninga, ni bora kuliko chuma, kwa sababu matone ya maji chumvi yatakitafuna chuma hata ukipake rangi mara ngapi. Juu ya meza, chini ya tangi, tandika lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya, liwe bapa na lisipungue sentimita moja. Linameza vile vimwinuko vidogo vinavyopasua kioo.

Mahali pawe mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na jiko. Soketi ya umeme isiwe chini ya tangi. Kila waya unaotoka kwenye maji uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni na lisiingie kwenye soketi. Maji chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, kwa hiyo fundi umeme akufungie swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Na hata ukiwa nayo, zima kila kitu kabla ya kutia mkono ndani.

Maji: yachotwe wapi, lini

Maji ya bahari wazi yana chumvi takriban gramu 35 kwa kila kilo. Kwenye kipimo cha uzito wa maji inasomeka kati ya 1.025 na 1.026. Kipimo hicho, ama haidromita ya kuelea ama rifraktomita ya kutazama kwa jicho, ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla ya taa, kabla ya pampu. Usiende pwani kuchota bila nacho.

Maji ya ndani ya ghuba ya bandari siyaamini. Kuna meli, kuna mifereji ya mji, na mto Mkulumuzi huingiza tope na maji matamu humo humo. Kaa mbali pia na mdomo wa mto Sigi. Upande wa Raskazone unaotazama bahari wazi ni bora, na bora zaidi ni kumpa nahodha wa ngalawa madumu akakujazie nje, mbali na fukwe. Chota maji yakiwa yanajaa, yamekaribia kujaa kabisa, maana hayo ndiyo yanayotoka nje. Yanapopwa yanarudi na uchafu wa ufukweni. Pima kabla ya kujaza. Ukisoma 1.022 jua kuna mto au mvua ndani yake, nenda kwingine.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba hadi Februari, bahari huwa safi na nyepesi kuchota. Masika ikianza Machi, maji ya kando ya mji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na chumvi hushuka, na kusi ikishika, mawimbi yanakoroga mchanga. Mwenye tangi mwenye akili anaweka akiba mwezi wa pili: pipa moja la lita 200 linatosha mabadiliko ya maji ya miezi minne na zaidi. Pipa liwe la chakula. Yale ya bluu yanayouzwa mitaani mengine yalibeba kemikali, na hakuna kuosha kutakakoyatakasa. Madumu nayo yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta ya taa au dizeli.

Maji ukiyafikisha nyumbani, yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba, yafunike, yaweke gizani kwa wiki mbili. Vijidudu vya baharini vilivyomo, vinavyoonekana na visivyoonekana, vitakufa au kutulia chini, na vimelea vya magonjwa ya samaki navyo vingi vitakosa mwenyeji. Unapotumia, chota taratibu kutoka juu na uache sentimita chache za chini pamoja na tope lake. Usiku mmoja kabla ya kutumia, yapulizie hewa kwa pampu.

Wapo watakaokuuliza kwa nini usinunue chumvi ya mawe, ile ya mashamba ya chumvi, ukakoroge na maji ya bomba. Jibu liko kwenye mabwawa yenyewe. Maji ya bahari yakikaushwa, chokaa na jasi hutua kwanza, chumvi hufuata, na magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachofungwa kwenye gunia ni chumvi ya kulia wali. Samaki wa baharini anahitaji vyote vilivyotupwa njiani. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, tumia chumvi iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini, ambayo huchukua takriban kilo 3.5 hadi 3.8 kwa lita 100.

Mawe na mchanga

Vitabu vya wenzetu vinasisitiza jiwe hai, yaani jiwe la mwambani lililotolewa baharini na viumbe vyake. Kwetu usilifanye. Kubomoa mwamba ni kosa kisheria, na miamba ya Tanga imeshapigwa baruti za kutosha. Kusini mwa mji, kuanzia Mwambani na Tongoni hadi Kigombe na kuelekea Pangani, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Maziwe kule Pangani pamelindwa tangu 1975. Humo hata kokoto usiokote.

Bahati nzuri pwani yetu imejaa mwamba wa kale ulioachwa nchi kavu bahari iliposhuka, ndilo lile jiwe la matumbawe linalojengewa nyumba. Nunua kwa wachimbaji wa mawe ya ujenzi. Chagua mapande yenye vishimo vingi, mepesi ukiyainua, jumla kilo 10 hadi 15. (Magofu ya Tongoni si machimbo. Yule aliyejenga pale karne nyingi zilizopita hakukuwekea wewe.) Yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji ya bomba kwa wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, yaanike juani hadi yakauke kabisa. Jiwe lenye udongo mwekundu ndani ya vishimo au harufu ya mafuta litupe.

Mchanga wa fukwe zetu nyingi ni wa mito, mweusi na wenye tope. Unaoufaa tangi ni ule mweupe wa maganda na matumbawe yaliyosagika. Njia ya kuujua ni siki: tia kijiko cha mchanga kwenye glasi, mwagia siki, ukitoa povu una chokaa. Chokaa hiyo husaidia maji yasigeuke kuwa na asidi. Usombe palipo ruhusa, au ununue, kisha uoshe kwenye ndoo mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Hata ukiosha mara kumi, siku ya kwanza tangi litakuwa na ukungu. Kesho yake utatua. Tabaka la sentimita 2 hadi 3 linatosha.

Panga mawe kwanza, juu ya kioo chenyewe, ndipo umwage mchanga kuzunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, siku moja kaa atachimba chini yake na jiwe litaangukia kioo. Acha mapango, na acha nafasi nyuma maji yapite.

Vifaa

Unahitaji pampu ya mkondo inayosukuma lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa, pampu ya hewa yenye sifongo la kuchujia, taa ya LED ya kawaida ya saa 7 hivi kwa siku, kipimajoto, kipimo cha chumvi, na vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Vya Tanga mjini havipatikani vyote. Maduka ya samaki wa mapambo ya Dar es Salaam yanavyo, na basi la asubuhi litakuletea kifurushi siku hiyo hiyo.

Muuzaji atataka kukuuzia pia chujio la povu, chombo kinachokorogea hewa na kuondoa uchafu kwa povu. Ni kizuri, ila kwa samaki wawili kwenye lita 100 na maji yanayobadilishwa kila wiki ni anasa. Hita atakayokupa irudishe dukani. Hiyo ni ya watu wa Ulaya.

Kuliivisha tangi

Hapa ndipo subira inapotakiwa, na hapa ndipo asilimia kubwa ya samaki wa wanaoanza hufia. Samaki hutoa amonia kwenye matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki huoza kuwa amonia. Baharini huyeyuka ikapotea. Ndani ya tangi haina pa kwenda, na kwa kuwa maji ya bahari yana pH ya juu, ya 8.1 hadi 8.4, na kwetu yana joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo iko katika hali yake ya sumu kuliko ambavyo ingekuwa kwenye maji matamu yenye ubaridi.

Wanaokuokoa ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kutoa nitriti, ambayo bado ni mbaya. Jingine hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hawa hujenga makazi juu ya mawe, mchanga na sifongo, polepole. Kazi yako ni kuwapa chakula kabla hujawa na samaki hata mmoja.

Jaza tangi, washa pampu, tia kipande cha kamba mbichi cha ukubwa wa kidole gumba ndani ya soksi safi, ning'iniza humo. Baada ya siku chache kitanuka, na amonia itaonekana kwenye kipimo. Ikifika miligramu 2 hadi 3 kwa lita, toa soksi. Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye daftari. Amonia itapanda, itaanza kushuka, nitriti itapanda, itakaa juu kwa muda unaochosha, kisha nayo itaporomoka na nitrati kuonekana. Kwa joto la Tanga hesabu wiki nne hadi sita. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la baharini lenye afya, omba kipande cha sifongo lake au gao la mchanga. Hupunguza muda huo sana.

Katikati ya kipindi hiki kioo na mawe vitavaa utando wa kahawia. Usiogope wala usitie dawa. Ni mwani mdogo sana unaokula silika iliyo kwenye mchanga na maji mapya, na huondoka wenyewe.

Tangi limeiva pale unapotia chakula cha samaki kidogo, na kesho yake amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Fanya jaribio hilo mara mbili mfululizo. Kisha badilisha theluthi moja ya maji ili kushusha nitrati, na tangi liko tayari.

Joto, na maji yanayopotea

Samaki wa miamba yetu wanaridhika na nyuzi joto 25 hadi 28. Januari na Februari sebule ya bati isiyo na dari Tanga inafika 32, na pampu nazo huongeza joto lake. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, ilhali samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana utawakuta wanahemea juu alasiri.

Dawa ya bei nafuu ni feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, tangi likiwa limefunikwa wavu badala ya kioo. Hupunguza nyuzi 2 hadi 3, ingawa siku zenye unyevu mwingi hewani hupunguza kidogo. Zima taa mchana wa joto, uwashe jioni. Chupa ya maji yaliyoganda ikielea humo inafaa kwa dharura. Usiigeuze mazoea, maana joto linalopanda na kushuka kila siku linachosha samaki kuliko joto la 29 lililotulia.

Feni hupoza kwa kukausha maji, na hili lazima lieleweke: kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Tangi hili likipoteza lita 5, chumvi inatoka 35 na kukaribia 37. Kwa hiyo maji yaliyopungua hujazwa kwa maji matamu, kamwe si ya bahari. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo mahali maji yanapotakiwa kufika, na kila asubuhi rudisha hadi hapo. Huu mstari utaokoa samaki wengi kuliko kifaa chochote cha gharama.

Maji matamu yatoke wapi? Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa kwa siku mbili. Ya visima vya mjini mara nyingi yana uchumvi na uchafu wa vyoo, yaache. Ya mvua ni mazuri kama paa ni la vigae au bati la zamani lililokwisha kuoshwa na mvua kadhaa. Bati jipya hutoa zinki. Ya chupa hayana shaka kwa kiasi hiki kidogo. Koki na mabomba ya shaba au ya njano yasikaribie tangi, kwa kuwa shaba kidogo tu inaua kaa, kamba na konokono.

Umeme ukikatika

Utakatika. Samaki hawafi kwa giza, wanakufa kwa kukosa hewa, na kwenye tangi lenye samaki wachache una saa kadhaa kabla ya hatari. Nunua pampu ya hewa ya betri na uiweke mahali unapoweza kuigusa gizani. Betri ya gari na kibadilisha umeme kidogo, au sola ya kuendeshea taa za nyumbani, vinaendesha pampu ya hewa usiku kucha bila taabu. Ukiwa huna chochote, chukua kikombe, chota maji na kuyamwaga kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Umeme ukiwa haupo usilishe.

Samaki wa kuweka, na wa kuacha

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinadhibiti kukamata na kuuza samaki wa mapambo, hivyo kabla ya kuokota chochote kwenye vidimbwi kamuone afisa uvuvi wa jiji au viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wako. Watakuambia ni wapi panaruhusiwa, na mara nyingi wanamjua mvuvi mwenye kibali. Samaki aliyenaswa kwa ndoana au nyavu za kukokota usimchukue hata kama bado anacheza. Yuko na jeraha ndani. Farasi wa bahari, chaza wakubwa na matumbawe waache kabisa. Biashara yao inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini.

Wanaofaa kuanza nao ni wale wadogo wa vidimbwini, wanaokaa chini kwenye mawe na kuruka kutoka shimo hadi shimo. Wamezoea joto, wamezoea chumvi kupanda na kushuka, na wana vituko vinavyoburudisha kuliko rangi. Samaki-anemoni wawili wadogo pia wanafaa, na hawahitaji anemoni, yule kiumbe laini kama ua wanayejificha ndani yake baharini, ili kuishi. Kifuu, wale wa milia wanaozagaa kila mwamba, ni wagumu kufa lakini ni wakorofi: ukiweka mmoja, mweke wa mwisho. Ongeza konokono wachache wanaokwangua mwani, na kaa wadogo wanaobeba magamba ya konokono, ukiwapa magamba matupu makubwa zaidi ya kuhamia.

Kangaja na puju wanataka tangi la mamia ya lita. Kikande atauma kila kitu. Kitatange wengi hula matumbawe na watakufa na njaa mbele ya chakula chako. Mkunga na pweza watatoka nje usiku. Bunju akifa anaweza kuachia sumu. Na samaki yeyote mwenye miiba mirefu ya mgongoni mwachie bahari.

Jambo la watoto: konokono mwenye gamba zuri lenye umbo la koni, lenye michoro, asishikwe kwa mkono. Wapo pwani hii, huchoma kwa mshale mdogo wenye sumu, na aina moja imewahi kuua watu.

Mgeni asiingizwe moja kwa moja. Kama una ndoo ya lita 40 yenye sifongo lililoiva, mtenge humo wiki nne. Ukimhamisha, mweke kwenye chombo na maji yake, kisha udondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, kwa saa nzima. Mnyanyue kwa wavu. Maji aliyokuja nayo yamwage. Taa izimwe siku hiyo. Samaki wa pili asubiri wiki mbili au tatu, ili bakteria waongezeke.

Kulisha

Kamba wabichi wasio na chumvi, waliokatwa vipande vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti na kugandishwa, ndio chakula kikuu. Dagaa wabichi wa baharini pia. Uduvi waliokaushwa ni wazuri wakilowekwa na kusuuzwa kwanza. Badilisha na chakula cha dukani cha samaki wa baharini, na mara moja kwa wiki majani ya mwani. Lisha mara moja au mbili kwa siku, kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Mkate, ugali na wali visiingie humo, hata mgeni akisisitiza kwamba kwao samaki wanakula.

Kazi za kila wiki

Kila siku tazama joto, hesabu samaki, jaza hadi kwenye mstari. Samaki aliyepotea atafutwe, maana akifia nyuma ya jiwe ataharibu maji yote.

Kila wiki toa lita 10 kwa mpira ukinyonya uchafu juu ya mchanga, urudishe lita 10 za bahari kutoka kwenye akiba, zikiwa na joto na chumvi sawa na za ndani. Kabla ya kuyamwaga, suuza sifongo ndani ya maji yale uliyotoa. Ukilisuuza chini ya bomba, klorini itaua bakteria uliowalea kwa wiki sita. Futa kioo. Maji uliyotoa yaende mferejini. Yakimwagwa bustanini mchicha wako umekwisha. Pima nitrati: chini ya miligramu 20 kwa lita ni nzuri, ikipanda zaidi unalisha kupita kiasi.

Kila mwezi loweka pampu ya mkondo kwenye siki na maji, isugue, isuuze. Futa chumvi kavu kwenye nyaya na kingo kwa kitambaa chenye maji matamu. Haidromita nayo hushika chumvi na kusema uongo, ioshe.

Mwani wa kijani ukizidi, punguza masaa ya taa, punguza chakula, ongeza maji ya kubadilisha. Dawa za mwani sizipendi.

Madoa meupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, samaki akijisugua kwenye mawe, ni kimelea. Dawa yake ya kawaida ni ya shaba, nayo inatolewa kwenye ndoo ya kutengea tu. Ukiitia kwenye tangi umeua konokono na kaa, na mawe yataihifadhi. Hamisha samaki wote, tibu kwa kipimo cha kwenye chupa, uache tangi bila samaki kwa wiki nane au zaidi ili kimelea kikose mwenyeji.

Dawa ya mbu ya kupuliza ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa, na pampu ya hewa huinyonya chumbani na kuitia moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi kitumie chandarua na nyavu za madirisha. Udi na ubani nao vichomwe chumba kingine, au pampu ya hewa ivute hewa kutoka dirishani kwa mpira mrefu.

Ukisafiri

Samaki mzima mwenye afya anakaa siku tatu bila kula, na mara nyingi ni heri akae hivyo kuliko kuachiwa jirani mwenye huruma nyingi. Safari ikiwa ndefu, funga chakula cha kila siku kwenye kifuko chake, andika siku juu, weka kwenye friza, na ufiche kopo lingine. Mwonyeshe mtu huyo mstari wa kwenye kioo na ndoo ya maji matamu, na dumu la maji ya bahari liweke mbali ili asichanganye.